Mwaka Niliomeza Mionzi

Nianze na lile ambalo watu huniuliza kwa kunong'ona. Kidonge cha mionzi hakina ladha. Ni kidonge kama vile vya rangi mbili unavyopewa zahanati ukiwa na kikohozi, na unakimeza kwa maji. Hakiunguzi koo. Ukizima taa hung'ai. Ukishakimeza unakaa kitandani, unatazama ukuta, unasubiri kusikia kitu mwilini, na husikii kitu. Mimi nililia, lakini si kwa sababu ya kidonge. Nililia kwa sababu ya yote yaliyonizuia nisikimeze mapema.

Ninaandika kwa ajili yako wewe uliyeambiwa kwamba tezi ya shingo yako inafanya kazi kupita kiasi na kwamba tiba yake ni mionzi. Najua umerudi nyumbani na neno hilo na umekuta kila mtu ana maoni. Mambo ya kitabibu waulize madaktari, na usione haya kuuliza mara mbili. Mimi nitakueleza ya kusubiri, maana huko ndiko nilikoumia zaidi.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya udongo kwenye ujenzi wa barabara. Watu wakipita huwaona wenye rola na greda. Mimi ndiye yule mama mwenye koti la njano anayeinama pembeni na kisanduku. Ndani yake mna chembe ya madini yenye mionzi. Unakiweka juu ya tabaka lililoshindiliwa, unashusha fimbo yake ardhini, mionzi inapita kwenye udongo, na kisanduku kinakuambia kama udongo umeshikana au bado ni wa kutitia. Kazi hiyo niliianza kabla sijaolewa. Kifuani huvaa beji inayorekodi mionzi niliyopata, na kila baada ya miezi kadhaa hupelekwa kusomwa. Haijawahi kurudi na neno baya. Nilipopata mimba ya binti yangu Nanyori waliniondoa kwenye kisanduku, wakanipa kazi ya kuchekecha na kupima kokoto maabara, na huko ndiko nilikobaki hata baada ya kujifungua.

Kwa hiyo ugonjwa ulipoanza nilikuwa sijakishika kisanduku kile kwa muda mrefu. Ukumbuke hilo, kwa sababu nimelirudia mpaka midomo ikanikauka na hakuna aliyelishika.

Ulianza mkononi. Tulikuwa na maabara ya muda upande wa Kisongo, na mizani yetu ilikuwa nyepesi kiasi kwamba ukipumua juu yake namba zinacheza. Nikaona namba zinacheza kila ninapoweka chombo. Nikalaumu upepo, nikafunga dirisha. Kumbe ni vidole vyangu. Ilikuwa miezi ile ya baridi, Meru imefunikwa na ukungu mpaka saa sita, watu wamevaa makoti, na mimi natoka jasho kama niliyetoka kulima. Nilikuwa nakula kuliko mume wangu na bado sketi zinanivuka. Moyo ulikuwa unadunda nikiwa nimekaa. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Halafu macho yakaanza kujitokeza, na hapo ndipo majirani zetu wa mtaa wa Sakina walipoanza kunitazama kwa namna nyingine. Mmoja alinifuata dukani akanishika bega, akaniambia kwa upole kwamba siku hizi dawa ni bure na watu wanaishi miaka mingi. Nikamwambia nimeshapima, sina. Akasema, "Sawa mama, usijali, mimi simwambii mtu."

Mabenchi ya hospitali niliyakalia mengi. Kuna benchi la kupima damu, benchi la kusubiri majibu, benchi la kuambiwa kwamba majibu hayajarudi. Hatimaye daktari mmoja hapa Arusha akanipa jina la ugonjwa na vidonge vya kuituliza tezi. Vilinisaidia kwa muda, kisha ngozi yote ikaota vipele, na kipimo cha damu kikaonyesha kwamba vidonge vinaniharibia kinga. Vikasimamishwa. Upasuaji wakasema hauwezekani, moyo wangu haujatulia. Ikabaki mionzi, na mionzi hiyo hutolewa Dar es Salaam.

Sharti lake ndilo lililonivunja. Nanyori alikuwa bado ananyonya. Daktari alisema lazima aache kabisa, tena mapema, wiki kadhaa kabla, maziwa yakauke, kwa sababu dawa hupita kwenye maziwa. Na nikishameza, nikae mbali na mtoto mdogo kwa wiki nyingine. Kwetu mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi. Mume wangu Elibariki ni Mwarusha, kwao ni Ng'iresi, juu huko mlimani kwenye migomba na kahawa. Mimi ni Mpare. Tukampeleka Nanyori kwa mama mkwe wangu, ambaye wote tunamwita Koko, yaani bibi.

Koko alimpokea mtoto mgongoni na kunisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza kwa utulivu, kama ninavyowaeleza vibarua wapya. Tezi hii inapenda madini joto, yale yanayotiwa kwenye chumvi, kuliko kiungo kingine chochote. Sasa wanakupa madini joto yenye mionzi. Tezi inayadaka yote kwa uroho wake, na mionzi inaiunguza hukohuko ndani, kiungo kingine kinabaki salama. Nilidhani nimeeleza vizuri sana.

Koko akatikisa kichwa. "Kisanduku kimekula shingo yako," akasema, "na wewe sasa unakwenda kula kisanduku."

Nikamweleza tena. Beji. Kokoto. Nikamwambia hata sindano na glavu za hospitali nyingi husafishwa kwa mionzi kiwandani, na hakuna mgonjwa anayeugua kwa ajili hiyo. Nikamwambia wataalamu wa maji huisoma mionzi iliyomo kwenye maji ya visima ili wajue yamekaa ardhini muda gani. Elibariki alikuwa amesimama mlangoni, anaitazama shingo yangu. Nilijua naye anaamini ya mama yake.

Nilishuka Ng'iresi kifua kikiwa kimejaa maziwa na kinauma. Nilichotaka kilikuwa kimoja tu, nimeze kidonge haraka, nipone, nimchukue mwanangu kabla hajanisahau.

Safari ya kwanza ya Dar ilikuwa masika inaanza. Tulikuwa wagonjwa wengi kwenye benchi la ukumbini, hatujala kitu, kama tulivyoagizwa. Karibu yangu alikaa mzee mfugaji kutoka Unguja, Mzee Haji, shingo yake imevimba upande mmoja. Alipojua kwamba kazi yangu ni ya mionzi alinisogelea. Akasema kwao zamani mbung'o walikuwa wanamaliza ng'ombe, wakaja wataalamu, wakafuga mbung'o madume, wakayapiga mionzi, wakayaachia porini. Yale madume yakapanda majike na hakuna kilichozaliwa, mpaka mbung'o wakaisha.

"Ng'ombe wangu walipona," akasema. "Lakini sasa, binti yangu, mimi nimeambiwa nimeze mionzi ileile. Na mke wangu mdogo bado kijana."

Benchi zima lilicheka, hata mama mmoja aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi. Nikamweleza mzee kwamba wale nzi walipigwa mwili mzima kwa makusudi hayo, na kwamba yeye dawa itakwenda shingoni, amuulize daktari muda gani wa kungoja kabla ya kutafuta mtoto. Akaniambia nimemtoa mzigo. Hicho ni kimoja kati ya vitu vidogo vilivyonisaidia mwaka ule. Watu wa benchi hawakuogopi.

Mchana akatoka muuguzi akatuambia dawa haijafika. Inatoka nje ya nchi kwa ndege, ndege imekwama, na dawa hii haiwekwi akiba, kwa sababu nguvu yake inapungua yenyewe hata ikiwa ndani ya chupa. Katika wiki moja na siku kidogo inabaki nusu. Mimi ni mtu wa kazi hiyo, nilielewa kila neno, na kuelewa hakukunisaidia chochote. Itakapofika itakuwa haitoshi watu wote. Watatupigia simu.

Nilirudi Arusha na maziwa yangu yamekauka bure. Ukiniuliza hasira ni nini, nitakuambia ni hiyo. Mwanangu angeweza kuwa ananyonya bado. Nilipanda Ng'iresi kumwona, akanirukia akanifungua vifungo vya blauzi, nikamwondoa mikono, akalia mpaka akakwama pumzi. Koko akaniambia nisipande tena mpaka nimalize shughuli yangu, nisimchanganye mtoto. Alikuwa na haki, na sikumsamehe siku ile.

Tukasubiri simu. Mvua ilinyesha, kazi ya barabara yetu ya Olasiti ikasimama kwa sababu ya tope, nikawa nyumbani kutwa na moyo wangu unaodunda. Nilikuwa mkali. Kikombe kikigonga meza nafoka. Nilikuwa nimekatazwa chumvi yenye madini joto na samaki wa baharini, ili tezi ikae na njaa na dawa ikija iidake yote. Elibariki alilizunguka soko zima akanipatia chumvi ya mawe isiyotiwa kitu. Alikuwa akiamka kabla yangu, ananipikia uji wa ulezi, kisha anakwenda gereji. Niliona fadhila hiyo na sikumshukuru inavyotakiwa.

Simu ilikuja masika inakwisha. Safari hii Elibariki alinisindikiza, na dawa ilikuwepo. Kabla ya kidonge chenyewe wanakupa kiasi kidogo cha kujaribia, kesho yake unakaa kwenye kiti, wanakusogezea kipimo shingoni waone tezi imekula kiasi gani. Dada wa kipimo alisoma, akarudia, akanihamisha kiti, akasoma tena.

"Mama, tezi yako imeshiba," akasema. "Umekula nini?"

Nikamtajia. Ugali, maharage, ndizi, chumvi ya mawe. Akauliza dawa za kikohozi, picha za hospitali za kuchomwa sindano ya rangi, dawa za kienyeji. Hapana, hapana, hapana. Nikamwambia mimi najua mambo haya, sikuvunja hata sharti moja. Akauliza, "Virutubisho vya dukani? Mwani?"

Nikaanza kucheka, nani Arusha anakula mwani. Elibariki alikuwa amekaa nyuma yangu.

"Mwani nao una nini?" akauliza.

Dada akamwambia mwani umejaa madini joto kuliko chumvi yoyote. Sikugeuka kumtazama mume wangu. Niliukumbuka uji, rangi yake ya majani kidogo, na harufu fulani niliyoiuliza wiki ya kwanza, akanijibu kwamba ni ulezi wa Kondoa, ndivyo ulivyo.

Alieleza pale pale, mbele ya watu. Niliporudi safari ya kwanza mikono mitupu, alipita mtu gereji anauza unga wa mwani kwenye vikopo, anasema unasafisha mionzi mwilini. Elibariki aliona mke wake amejazwa mionzi ya kisanduku miaka yote hiyo, na sasa anakwenda kuongezewa mingine. Akasema angalau ile ya zamani itoke. Alinitilia kijiko kila asubuhi.

Unaona ilivyokuwa. Alidhani mionzi ndiyo iliyoniumiza, akanipa kitu cha kuitoa, na kitu hicho kikaifungia nje ile iliyokuja kuniponya. Kama angenichukia asingeweza kupanga vizuri zaidi.

Mzee Haji, ambaye naye alikuwa ameitwa tena, alisikia yote. Akamtazama Elibariki kwa huruma. "Mwanangu, wake zetu ndio wanaoulima huo mwani, kutwa wamo majini. Tunauza. Umewahi kumwona mtu wa kwetu anaula?"

Mzee akaingia ndani akameza cha kwake. Mimi nikaambiwa nirudi baada ya miezi miwili, shibe ya tezi iishe.

Sitakudanganya kwamba nilikuwa mke mwema miezi ile. Nilipika mwenyewe. Nililala upande wa ukuta. Kila nilipowaza kwamba Nanyori amejifunza neno jipya Ng'iresi na sijalisikia, nilimwambia mume wangu, ili na yeye limuume. Koko alipiga simu akasema mtoto sasa anakula loshoro, yale mahindi ya mtindi, anautaka mtindi hata asubuhi. Alidhani ananipa habari njema.

Safari ya tatu ilikuwa katikati ya baridi, ingawa Dar haina baridi. Kipimo kikasema tezi ina njaa. Nikaingia chumba cha peke yangu, kidonge kikaletwa ndani ya kikopo kizito cha madini ya risasi, aliyekileta akasimama mbali, nikameza. Yaliyobaki nimeshakusimulia.

Siku zile za chumbani si mbaya kama unavyofikiri. Unakunywa maji mengi, unavuta maji ya choo mara mbili, sahani zako hazichanganywi na za wengine. Shingo iliniuma kama mafindofindo kisha ikaacha. Wauguzi wanaongea na wewe wakiwa mlangoni. Mmoja alikuwa ananisalimia kila asubuhi kwa kunisimulia kile kilichoharibika nyumbani kwake jana, na nilimngoja kama redio.

Kurudi sikuruhusiwa basi, maana huwezi kujua utakaa kiti kimoja na nani, huenda ni mjamzito. Elibariki aliazima gari la rafiki yake, Noah, akaja kunichukua. Nikakaa kiti cha nyuma kabisa, yeye mbele, mzigo katikati, na kutoka Dar mpaka Arusha tukawa tunaongea kwa sauti kubwa kama watu walioko ng'ambo mbili za mto. Tulipopita Korogwe nikamuuliza kwa nini hakuniuliza kabla ya kununua ule unga.

Alipunguza mwendo. Kisha akasema, macho yake yakiwa barabarani, "Mama Nanyori, wewe ukiulizwa unaeleza. Unaeleza vizuri, nasikia yote. Nikimaliza kusikia bado naogopa, na nikisema naogopa unaeleza tena."

Nilikuwa na jibu. Nililimeza, nikatazama mashamba ya mkonge. Hasira haikuisha palepale; iliisha kidogo kidogo, kama ile dawa yenyewe. Lakini kama wewe ni mtu wa kueleza kama mimi, nakuomba jambo hili moja. Yule anayekupikia, muulize anaogopa nini, kisha nyamaza amalize. Ukimwacha na hofu yake atakwenda kuitafutia dawa kwingine.

Nyumbani nililala chumba changu, Elibariki sebuleni kwenye godoro. Wiki zikapita. Kwanza moyo ulitulia. Siku moja nilikaa nikagundua siusikii. Kisha mwili ukageuka upande wa pili, kama walivyonitahadharisha. Nikawa nahisi baridi hata juani, nalala mchana, sketi zikaanza kubana. Tezi imezimika, na sasa nameza kidonge kimoja kidogo kila asubuhi, cha kawaida, na nitakimeza maisha yote. Usiogope kidonge hicho. Kinazoeleka.

Daktari aliponiambia naweza kumshika mtoto, tulipanda Ng'iresi siku hiyohiyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Nilijiambia akinikimbia nitakaa chini, sitamlazimisha. Nilijiandaa hata asiponijua.

Nanyori alikuwa uani, amerefuka, amevaa viatu vya plastiki nisivyovijua. Alinitazama. Hakulia wala hakukimbia. Akaja polepole mpaka mbele yangu, akasimama, akainamisha kichwa.

Kwa Waarusha mtoto hamsalimii mkubwa kwa mkono. Anamletea kichwa, na mkubwa anaweka kiganja juu yake. Koko alikuwa amemfundisha vizuri. Ndivyo anavyowasalimia wageni, mchungaji, wauza maziwa, wote wanaoingia ua ule. Mwanangu alikuwa ananikaribisha.

Nilibaki nimesimama. Nilisikia ile hasira ya mwaka mzima inapanda yote kwa pamoja, ya ndege, ya uji, ya maziwa, na hapakuwa na mtu wa kumfokea. Kichwa kidogo kiko chini kinasubiri, nywele zimesukwa na mkono usio wangu.

"Mguse," Koko akasema taratibu kutoka jikoni. "Usipomgusa atafikiri umemkasirikia."

Nikaweka kiganja. Kichwa kilikuwa cha moto, chenye jasho kidogo, chenye harufu ya moshi. Wiki nyingi niliambiwa umbali wa kukaa na kila mtu, na sasa hapakuwa na umbali.

Kwa kawaida mtoto akishaguswa huenda zake. Nanyori alikwenda hatua chache, akasimama, akanitazama tena. Akarudi akainamisha kichwa. Nikamgusa. Akaenda, akarudi, safari hii mbio, anacheka, akainamisha. Elibariki alikuwa amekaa kwenye kigogo, amefunika uso kwa kofia yake. Koko akatoa kiti akaniwekea nyuma yangu, nikakaa, na kila kichwa kile kilipoletwa nilikigusa, mpaka mwenyewe akachoka, akaniegemea magotini.